Bwana Shamba Hakutaka Kurekodiwa

Huyu mzee ukimpa chai, kwanza anainusa. Siyo dharau, ndivyo alivyo. Anainusa, anageuza kikombe aone chini kama kuna maandishi, halafu anakuuliza, "Maji mmechota wapi?" Ukishamjibu anakunywa yote na kuomba nyingine. Mimi nilikuwa najiuliza, kama ulishapanga kunywa vikombe viwili, upelelezi wote ule wa nini?

Tulimwita Bwana Shamba, na alikuwa bwana shamba kweli, wa serikali, mpaka akastaafu. Alipostaafu hakuna aliyemwambia aache kuzunguka mashambani, na yeye hakuacha. Alikuwa na baiskeli nyeusi, buti za mpira, na koti la mvua la kijani alilovaa hata kiangazi kwa sababu ya ule upepo wetu wa Juni unaopita kwenye mifupa. Ukimwamkia "Shikamoo Bwana Shamba," anajibu, "Marahaba, unatoka wapi?" Ukimwambia unatoka Mazwi, pale Sumbawanga mjini, anashusha macho kwenye viatu vyako, kama vile vumbi la Mazwi analijua kwa sura.

Neno lake lilikuwa moja: "Sijaona." Mvua imeanza, Bwana Shamba! "Sijaona." Anasema hivyo huku tone linamning'inia puani. Kwake mvua ilikuwa haijanyesha mpaka achomeke kidole ardhini ajue unyevu umefika wapi. Siku moja mama mmoja kaleta migebuka kutoka Wampembe, anatangaza samaki wa jana, samaki wa jana. Bwana Shamba akashuka kwenye baiskeli. "Jana ya nani?" Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. Akampunguzia bei, nadhani ili aondoke.

Zamani alifanya kazi Kaoze, kule bondeni kwenye joto, na alituambia kule ndiko alikojifunza kutomwamini mtu anayekuambia "ni hapo tu karibu." Alitembea kutwa nzima kwa ajili ya hapo tu karibu.

Sasa na mimi nijieleze kidogo, maana huyu mzee huwezi kumwelewa bila kumjua mjinga aliyekuwa anabishana naye. Shule niliishia kidato cha pili. Sikufukuzwa. Mimi na hisabati tulikaa tukaelewana kila mtu ashike njia yake. Kuanzia hapo Bwana Shamba akaniita Profesa, na kwa kuwa alisema bila kutabasamu, wageni waliamini. Nina kibanda Mazwi, nachaji simu za watu na kuuza vocha. Na mimi na wenzangu watatu tulikuwa tunarusha video mtandaoni, zile fupi za kuburuta kwa kidole, ambazo ukianza kuangalia asubuhi unashtuka ugali umeungua.

Hatukuwa wachekeshaji, ingawa mimi nilichekesha bila kukusudia. Tulikuwa tunadai haki. Video yetu ya kwanza ilikuwa ya kalvati lililobomoka kwenye barabara ya kwenda kijijini kwetu. Nilikuwa naeleza kwa hasira, "Ndugu zangu, mtu anaweza kutumbukia hapa," na nikatumbukia. Sikuigiza. Nchi nzima ikacheka. Watu wa pwani wakaandika chini yake, "Sumbawanga kalvati la nini, si mnapaa na ungo?" Tulizoea. Mtu wa kwetu hata akilalamika jino linauma, ataulizwa kama kalogwa au kaloga. Lakini wiki haikuisha greda likaja, na mafundi, na kalvati likajengwa. Tukarekodi ofisi iliyofungwa kufuli saa nne asubuhi, ikaanza kufunguliwa. Tukarekodi bati za zahanati zilizotoboka, zikabadilishwa. Vichwa vikatuvimba. Tukaanza kutembea mjini kama watu wanaosubiriwa mahali.

Bwana Shamba alikuja kibandani kuchaji kitochi chake, kile kisimu cha kubonyeza. Nikamwonyesha.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, Bwana Shamba."

"Mwanzo wake uko wapi?"

"Si ndio huo umeuona."

"Kabla ya huo."

"Bwana Shamba, watu siku hizi hawana muda."

"Nani hana muda? Wewe hapo umekaa toka saa mbili."

Wateja wakanicheka. Lakini mzee mwenyewe, ndiyo hapo unachoka, kesho yake akarudi na kisimu hakijaisha hata chaji. Akajifanya anakagua waya zangu, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Ile ya kalvati, imefika mbali?" Nikamwambia imefika mpaka Dar. "Sijaona," akasema, lakini alitoka pale anapiga mluzi.

Alikuwa hivyo, amejaa mambo yasiyoelewana. Hamwamini mtu, lakini mlango wa nyumba yake sijawahi kuuona na kufuli. Anakataza umbea, lakini ukikaa naye dakika tano ameshajua shangazi yako amehamia kwa nani. Mbegu ndiyo kabisa. Kabla ya msimu alikuwa anahesabu punje mia, anazipanga kwenye kipande cha gunia kilicholowa, anakikunja, anakiweka chini ya kitanda, anasubiri siku saba. Zikiota karibu zote, anakwambia panda. Ukimuuliza siku ya tatu anakufukuza. Mwenzetu mmoja alitaka kumrekodi akieleza hilo gunia lake. Akamwambia, "Weka hiyo simu hapa siku saba, kisha uje uichukue." Mwenzetu akaondoka na simu yake.

Kitu kimoja tu kilitutia wasiwasi, na niseme ukweli, wasiwasi wenyewe tuliupenda. Bwana Shamba alikuwa mtu wa Mbeya. Amekaa Ufipa miaka mingi, Kifipa anakisikia chote na anakiongea kwa kukikanyagakanyaga, lakini kwao Mbeya. Na mwenye duka la pembejeo pale mjini, anayeuza mbegu na mbolea, naye wa Mbeya. Wanasali kanisa moja, wote waimbaji wa sauti ya nne. Sisi wenyeji tuna ugonjwa wetu: watu wawili wa Mbeya wakiongea lugha yao mbele yetu na mmoja akacheka, tunajua tumeshauzwa. Na mimi mwenyewe nilishaona kwa macho yangu: pale dukani akipewa chai, hainusi.

Nikaliweka hilo moyoni.

Mama yangu anakaa kijijini, na mama yangu ni mtu wa mbegu. Jikoni kwake kuna kichanja juu ya moto, miti imepangwa, imekuwa myeusi inang'aa kwa moshi. Pale juu ndipo mbegu zinapolala toka mavuno mpaka mvua: mahindi ya kuning'inizwa na maganda yake, ulezi kwenye vibuyu. Mdudu hasogei kwa moshi, panya hapandi kwa joto. Bibi yangu alifanya hivyo, na mama yake bibi. Na kichanja cha mama kilikuwa na sifa. Wanawake wa jumuiya yao ya kanisa walikuwa wanampelekea mbegu zao awatunzie, na yeye ndiye mwenyekiti wao, kwa hiyo akikataa inakuwa kesi.

Mwaka huo wanawake sita, mama akiwemo, waliamua kuachana na mbegu ya zamani. Wakanunua mbegu ya dukani, ile ya kwenye mifuko, iliyopakwa dawa nyekundu. Walinunua mapema, kwenye lile duka. Wakapanda ilipokuja mvua. Wakasubiri. Mashamba ya jirani yakatoa majani mawili, matatu. Mashamba ya wale sita yakabaki udongo mtupu, na hapa na pale kimche kimoja kama mtu aliyeachwa na basi.

Mama akanipigia. Analia. Mimi mama yangu kulia nimemsikia mara mbili, na mara ya kwanza alikuwa amefiwa.

Nilifika na wenzangu na simu mbili, zote chaji imejaa. Tulimkuta Bwana Shamba ameshafika, amechuchumaa katikati ya shamba, anafukua kwa kidole. Akatoa punje moja, akaipasua kwa ukucha, akaitazama muda mrefu. Akaomba maji ya kunywa, akaingia jikoni mwenyewe kuyachukua, akakaa humo kuliko muda wa kunywa maji. Alipotoka alimuuliza mama kama kuna mbegu iliyobaki. Mama akampa mfuko wenye kidogo chini. Akachota konzi moja, akatia mfukoni mwa lile koti la kijani. Hapo nikawasha simu.

"Bwana Shamba, waambie Watanzania. Hii mbegu ni feki, siyo feki?"

Akaniangalia. Akawaangalia wale wanawake sita waliosimama pembeni wamefunga mikono. Akamwangalia mama.

"Sina la kusema."

"Wewe ndiye mtaalamu. Watu wamekula hasara hapa!"

"Profesa, shusha simu."

"Umechukua konzi ya mbegu ya nini? Unaipeleka wapi?"

Akapanda baiskeli akaondoka. Mimi nikabaki na video tamu kuliko zote nilizowahi kurekodi: mzee anatia ushahidi mfukoni, anaulizwa swali, anasema sina la kusema, anakimbia. Tukaiwekea maneno juu yake: MTAALAMU AWALINDA WAUZA MBEGU FEKI. Nikaongeza na wimbo wa kutisha.

Ilitembea hiyo. Ilitembea kuliko kalvati. Na safari hii hakuna aliyetaja ungo, watu walikuwa na uchungu, kila mtu ana shangazi aliyeuziwa mbegu mbaya. Siku ya pili mlango wa duka ulikuwa umeandikwa MWIZI kwa mkaa. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, kama vile duka lina harufu.

Wiki moja na kidogo baadaye, nipo kwa mama, nikamwona Bwana Shamba anakuja na mfuko mpya wa mbegu kwenye keria ya baiskeli. Nikajificha nyuma ya mgomba. Mtu mzima, mdai haki, nimejikunja nyuma ya mgomba na siafu wananipanda. Nikarekodi anavyomkabidhi mama ule mfuko. Mama alipiga magoti, akapiga makofi yale ya taratibu ya kushukuru, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya, na mzee akainamisha kichwa. Akasema apande leo leo, asiuweke ndani hata siku moja. Akaenda kwa wale wengine watano, hivyo hivyo.

Nikairusha: WAMESHIKWA! WANARUDISHA MBEGU KIMYAKIMYA!

Kwa sababu fikiria mwenyewe, kama hawana kosa wangerudisha? Hayo ndiyo yalikuwa mawazo ya kichwa kilichoishia kidato cha pili. Hakikujiuliza swali jepesi zaidi: kama mzee amehongwa na mwenye duka, kwa nini hakusema siku ile ile kwamba mbegu ni nzima? Mtu aliyehongwa si anaongea? Huyu alinyamaza, na kunyamaza kwake kulimuumiza mwenye duka kuliko mtu yeyote.

Basi Bwana Shamba akaanza kukosa mashamba. Hakuna aliyemtukana, watu wa kwetu hawatukani. Walimwamkia vizuri tu, shikamoo, shikamoo, lakini hakuna aliyesema njoo uone mahindi yangu. Akipita na baiskeli, mtu anainama kama anatafuta kitu alichodondosha. Alizunguka hivyo msimu mzima. Kibandani kwangu aliendelea kuja kuchaji kisimu, na hakuwahi kuniuliza habari ya video. Mimi nilikuwa nampokea kisimu kwa mkono mmoja bila kumtazama usoni, nikiamini kwamba mwenye aibu ni yeye.

Ilipofika kipindi cha baridi, mavuno yameshaingia, nikasikia binti yake amekuja kumchukua, wanarudi Mbeya kabisa. Mama akanituma nimpelekee unga wa ulezi. Nikaona hii ndiyo nafasi. Mtu anayeondoka huwa anasema. Nikawasha simu irekodi sauti, nikaitia mfuko wa shati, nikabisha hodi mlango ulio wazi.

Alikuwa amekaa kwenye sanduku katikati ya chumba. Vitu vimefungwa. Binti yake alikuwa nje anakunja mikeka. Akapokea unga, akaufungua, akaunusa.

"Mama yako huyu. Kausagisha mwenyewe?"

"Ndiyo, Bwana Shamba." Nikakohoa. "Bwana Shamba, unaondoka. Ile habari ya mbegu tuimalize. Ilikuwa feki?"

"Haikuwa feki."

"Mbona haikuota?"

"Funga mlango."

Mlango ule sijawahi kuuona umefungwa. Nikaufunga.

Akaniambia. Ile konzi aliyotia mfukoni aliipanga kwenye gunia punje mia. Akaenda dukani akachukua mfuko wa shehena ile ile, namba ile ile, akapanga nyingine mia kwenye gunia lingine. Akakaa siku saba huku mimi namuita mwizi. Za dukani ziliota karibu zote. Za kwa mama zikaoza.

"Siku ile nilipoingia jikoni kunywa maji, nilishika ule mti wa kichanja," alisema. "Wa moto kama sufuria. Mahindi yenu ya zamani yananing'inia na maganda, hewa inapita, yamezoea. Hii ya dukani iko ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa, juu ya moto miezi miwili. Mama yako aliipika, Profesa. Ya kwake na ya wenzake watano."

Nikautazama ule unga wa mama.

"Wale wanawake walikuwa wamesimama pale. Wewe na simu yako. Ningesema nini?"

"Ungeniita pembeni!"

"Ungeshusha simu?"

Sote wawili tulikuwa tunajua jibu.

"Na mifuko mipya?"

"Nilimweleza mwenye duka. Tukaitoa mimi na yeye, kwa pesa zetu. Alinuna sana, bado amenuna. Kwenye kwaya hatusimami tena karibu."

"Mama anajua?"

"Hajui. Anadhani duka lilimwonea huruma. Na asijue. Nakuambia wewe kwa sababu mvua zitarudi na mimi sipo, na wale wanawake watamletea tena mbegu ya mifuko aiweke pale juu. Uitoe. Tafuta uongo wowote. Sema panya. Uongo si unauweza?"

Alisema bila kutabasamu, kama alivyokuwa akisema Profesa. Halafu akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Lete hiyo simu."

Nikasema simu ipi. Akaendelea kunyoosha mkono. Nikaitoa. Akaniambia nianzishe toka mwanzo. Akaisikiliza yote, kukohoa kwangu, unga, mlango kufungwa, mpaka pale aliposema lete hiyo simu. Ndiyo rekodi yangu pekee aliyowahi kuisikia bila kuuliza mwanzo wake uko wapi.

"Hii imekamilika," akasema. "Futa."

"Bwana Shamba, hii inakusafisha! Nikiirusha hii leo, kila mtu atajua—"

"Mimi kesho niko Mbeya. Mama yako anabaki na wale wanawake. Futa."

Nikafuta mbele yake. Akataka kuona kama kweli imefutika. Akashika simu mwenyewe, akaburuta kwa kidole chake kinene, akanirudishia. Akasema nisalimie mama, unga ni mzuri. Nikatoka.

Mpaka leo huwa najiuliza kitu, na nakisema ingawa ni dhambi kumshuku mtu kama yule. Kidole kilichoweza kujua mvua imefika wapi ardhini, kilishindwa kuona simu inayowaka kwenye shati langu jeupe toka naingia? Kama aliiona, kwa nini aliongea kwanza na kunifutisha baadaye? Labda alitaka nibaki nayo kichwani, mahali ambapo haifutiki. Labda hata mimi alikuwa ananipima aone kama nimeiva. Sijui. Ndiyo shida ya kukaa miaka mingi na mtu asiyeamini kitu, na wewe unakuwa hivyo.

Nilifika kwa mama jua bado lipo. Alikuwa jikoni, anapeta. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya panya: mama, nimeona panya mkubwa, mama, panya wa mwaka huu wanapanda hata motoni. Nikakaa kwenye kigoda. Nikafungua mdomo.

"Alisemaje?" mama akauliza.

Na mimi ambaye nimewadanganya watu mpaka Dar, nikashindwa na panya mmoja. Nikamwambia yote. Sikupunguza, sikuweka wimbo.

Mama aliendelea kupeta mpaka ungo ukabaki mtupu, na akaendelea kupeta. Halafu akainua macho akaangalia juu, kwenye miti ile myeusi. Akasimama, akaishika kwa kiganja, akauacha mkono pale mpaka nikaogopa ataungua.

"Anaondoka saa ngapi?"

"Basi la asubuhi."

Akavua kanga ya jikoni akafunga ile ya kwendea kanisani. Nikamwambia mama, yeye mwenyewe kasema usijue, kasema wale wanawake wasijue.

"Yeye kasema. Mimi sijasema," akajibu. "Hiyo simu iache hapa."

Nikaiacha juu ya kigoda. Akatangulia, mimi nyuma, mpaka nyumba ya kwanza, ya yule mwanamke aliyelia kuliko wote siku ile shambani. Mama akabisha. Kutoka ndani ikasemwa karibu, mwenyekiti, pita, ukae.

"Sikai," mama akasema. "Toka wewe uje nje. Na ujifunge kanga vizuri, tunakwenda kwa wengine wote, halafu tunakwenda kwa Bwana Shamba."